Kukodi Bila Kurudisha: Maneno ya Biashara ya Filamu katika Uwanda wa Ufipa

Kitenzi "kukodi" kina masharti yake. Mtu hukodi baiskeli, hukodi trekta la kulimia, hukodi viti vya arusi. Hulipa fedha, hukitumia kitu kwa muda waliokubaliana na mwenyewe, kisha hukirudisha. Asipolipa, huyo ameazima. Asiporudisha, huyo amenunua, au ameiba. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitenzi hicho kilivyoingia katika biashara ya filamu mjini Sumbawanga na katika miji midogo ya Ufipa, na jinsi kila chombo kipya kilichofika huko kilivyokipunguzia sharti moja, hata leo mteja anaondoka na filamu ambayo hakuna anayetazamia kuiona ikirudi, na wala hakuna aliyeikosa.

Jambo hili si la mzaha wa maneno. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, wafasiri wamekabidhiwa maandishi yaliyotungwa kwa Kiingereza, na miongoni mwake imo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo hutenganisha kunakili, kusambaza, kukodisha na kuonyesha hadharani. Kila tendo kati ya hayo ni haki ya mwenye kazi. Mfasiri akichanganya mawili, mtu fulani hatalipwa.

Tumechagua Ufipa kwa sababu mambo huko yanaonekana kwa uwazi zaidi kuliko Dar es Salaam. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa ulipoundwa mwaka 1974, umekaa juu ya uwanda wenye baridi kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Mbeya. (Jina lenyewe la mji kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, wageni hulipenda mno elezo hilo, wenyeji hulivumilia.) Reli haijafika hapo. Barabara ya kutoka Tunduma, ipatayo kilomita 224, iliwekwa lami katika miaka ya 2010 tu. Kabla ya hapo safari ya masika ilikuwa ni ya kudra. Kwa hiyo chombo kilipofika Sumbawanga, mara nyingi jina lake lilikwisha kutangulia, limeletwa na mtumishi aliyehamishwa, mwanafunzi aliyerudi likizo au mfanyabiashara aliyetoka Mbeya. Wafipa, ambao nyumbani husema Kifipa, walilipokea neno la Kiswahili likiwa limekwisha kuiva mahali pengine.

Zamani za sinema hakukuwa na kukodi kwa mwananchi wa kawaida. Majaribio ya kutengeneza picha za kuelimisha Waafrika yaliyoendeshwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, yalitegemea gari lililobeba mashine na kuonyesha picha uwanjani usiku. Miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili kama "Muhogo Mchungu", ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, yule yule ambaye mwaka 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Ni watu wachache katika historia ya lugha yetu walioitumikia mbele ya kamera na nyuma ya meza ya ofisi pia. Baada ya Uhuru magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuzunguka mikoani pale ambapo njia ilipitika. Msemo wa wakati huo ulikuwa "kuletewa sinema". Sinema ililetwa, ikatazamwa, ikaondoka. Waliokodi walikuwa wenye majumba ya sinema, na majumba hayo yalijengwa zaidi katika miji ya pwani na ile ya njia ya reli. Wao walichukua filamu kwa Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kupewa dhamana ya kuingiza na kusambaza filamu nchini. Neno "kukodi" lilikuwa neno la ofisini, la mkataba kati ya shirika na mwenye ukumbi.

Mwaka 1976 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaona kuwa yana uhusiano. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka huo, iliyofikiria ukumbi, mashine kubwa na mwenye leseni. Na huko Japani kampuni ya JVC ilitoa sokoni mkanda wa VHS, ambao uliiwezesha filamu nzima kuingia ndani ya kisanduku cha plastiki kinachobebeka kwapani. Sheria iliyokuwa bado mbichi ilikwisha kupitwa na chombo.

Hapa inafaa msomaji akumbuke jambo ambalo vijana wa leo hulishangaa. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Hivyo, kwa muda wa miaka kumi na zaidi, seti ya televisheni iliyokuwa sebuleni mwa mtu wa Bara ilikuwa kwa hakika ni kioo cha kuonyeshea mikanda. Katika nchi nyingi watu walizoea kwanza kutazama kinachorushwa, kisha wakajifunza kukodi. Kwetu mambo yalianza na kukodi. Ndiyo maana neno "video" lilipanuka kupita kiasi: lilikuwa jina la mashine, jina la mkanda, jina la onyesho na jina la mahali. "Twende video" ilikuwa sentensi kamili, na hakuna aliyeuliza ni video ipi.

Mashine yenyewe iliitwa "deki". Neno hili lilikwisha kuwamo katika Kiswahili kwa njia nyingine, kutoka kwenye sakafu ya meli, na kutokana na mabaharia waliosugua sakafu hiyo tukapata "kupiga deki" kwa maana ya kuosha sakafu ya nyumba. Kwa hiyo mama wa nyumba angeweza kusema deki ipigwe na deki ifungwe, na akaeleweka bila taabu. Wapo waliolalamika kwamba maneno haya mawili yanagongana. Kwa maoni yetu malalamiko hayo ni ya mezani tu, kwani katika mazungumzo hayajawahi kumpotosha mtu.

Neno lenye mambo zaidi ni "mkanda". Asili yake ni ukanda wa kujifungia kiunoni. Utepe wa sumaku ulifanana nao, ukapewa jina hilo. Lakini lugha ina "ukanda" ambao wingi wake ni "kanda", na ina "mkanda" ambao wingi wake ni "mikanda", na wauzaji walipozoea kutaja "kanda za kaseti" kwa wingi, umoja wake nao ukawa "kanda". Matokeo yake, maneno ya umoja yakawa matatu kwa kitu kimoja. Kinachovutia zaidi ni kwamba mkanda haukubaki kuwa jina la utepe. Ulihama ukawa jina la hadithi iliyomo. Mtu alisema mkanda ni mzuri, au mkanda unasikitisha, naye hakuwa anasifu plastiki. Baadaye ukatoka kabisa nje ya filamu: "nipe mkanda mzima" maana yake ni "nieleze habari yote tangu mwanzo".

Kukodi mkanda kulifanyika katika duka ambalo wafanyabiashara waliliita "laibrari". Wapo walioandika "maktaba ya video", nasi tunakubali kwamba tafsiri hiyo ni halali kwa kuwa mali yake ilipangwa rafuni, iliandikwa daftarini na ilitoka na kurudi. Hata hivyo mwalimu aliyewafundisha wanafunzi kwamba maktaba ni mahali pa kusoma bila malipo alijikuta na kazi ya kueleza kwa nini maktaba ya sokoni inadai fedha. Jina la mteja liliandikwa pamoja na jina la mkanda na siku ya kurudisha. Mgeni asiyejulikana aliacha kitambulisho, au alikataliwa.

Kipindi hicho kitenzi "kurudisha" kilifanya kazi mbili. Mteja alitakiwa kurudisha mkanda, yaani kuuleta dukani kwa wakati. Na alitakiwa kuurudisha nyuma, yaani kuuzungusha hadi mwanzo ili anayefuata asipate taabu. Asiyefanya la kwanza alitozwa, asiyefanya la pili alinuniwa. Kwa Sumbawanga kulikuwa na tatizo la ziada. Mji haukuunganishwa na gridi ya taifa. Kwa muda mrefu ulitegemea majenereta ya dizeli, na baadaye umeme ulioletwa kutoka Zambia kwa njia ya Mbala. Umeme ukikatika wakati mkanda umo ndani ya deki, mkanda hautoki, kwa sababu ni mota ya umeme inayoutoa. Mteja mwaminifu angeweza kuchelewa siku mbili na mali ya watu ikiwa tumboni mwa mashine yake. Je, huyo alikuwa bado anakodi? Desturi ya maduka ilitofautiana, na sheria haikulisema hilo.

Walio wengi, bila shaka, hawakuwa na deki wala umeme. Wao walikwenda kwenye kibanda cha video, wakalipa kiingilio, wakaketi juu ya mabenchi. Mwenye kibanda ndiye aliyekodi, tena akakodi kitu kilichokusudiwa kutazamwa nyumbani na kukionyesha kwa umati. Hapo tayari matendo mawili ya kisheria, kukodi na kuonyesha hadharani, yalikuwa yamefungwa katika kifurushi kimoja cha mazoea. Wananchi walikiita kibanda hicho "kibanda umiza", jina lililotungwa kwa uaminifu kamili na watu waliojua mabenchi yake.

Kibanda kilikuwa pia ni darasa la lugha ambalo hakuna aliyelipangia mtaala. Mhusika mkuu aliitwa "steringi", neno lililokatwa moja kwa moja kutoka kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu, na kanuni ya kwanza ya watazamaji ilikuwa kwamba steringi hafi. Filamu za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani zilikuja na lugha zisizoeleweka, na kwa hiyo wakazuka watu wa kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe. Aliyevuma kuliko wote hapa nchini ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa na kusambazwa pamoja na filamu. Uganda nako kazi hiyo ilistawi sana mjini Kampala. Biashara iliita kazi hii "kutafsiri", na filamu ikauzwa kwa kutajwa kwamba "imetafsiriwa".

Wafasiri waliosomea fani hii wamekuwa wakikunja uso, kwa sababu msimuliaji huongeza, hupunguza, hutania na huwapa wahusika majina ya mitaa ya Dar es Salaam. Sisi tungependa wasilifunge shauri hilo upesi. Kwa kijana wa Laela au Matai aliyekulia katika Kifipa na kujifunza Kiswahili cha kitabu shuleni, sauti hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukisikia Kiswahili kikigombana, kikibembeleza na kikitisha kwa saa mbili mfululizo. Kama kazi hiyo si tafsiri, basi inastahili jina lake. "Usimulizi wa filamu" lingefaa, lakini tusijidanganye kwamba wauzaji watalikubali.

Miaka ya mwanzo ya karne hii ilileta sahani, kwanza VCD kisha DVD, na hapa hatuna sababu ya kukawia. Sahani haikuhitaji kurudishwa nyuma, hivyo kurudisha kwa namna ya pili kukafa. Bei yake iliposhuka, hasa zilipofika sahani zenye filamu ishirini kwa pamoja, kukodi kulianza kuonekana ni upotevu wa safari: kwa nini ulipe ili urudishe, ilhali kwa kuongeza kidogo unabaki nayo? Wakati huo huo filamu za Kitanzania zilishamiri, tangu "Girlfriend" ya mwaka 2003 hadi zile za Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 na kuzikwa na umati mkubwa wa watu. Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki. Hapo ikaonekana kasoro ya zamani ya msamiati wetu: "kodi" ni malipo kwa serikali, na "kodi" ni malipo ya kukitumia kitu cha mtu. Tangazo lenye maneno "kodi ya filamu" lingeweza kusomwa na mwenye duka kwa maana mbili, na moja kati ya hizo ilimpendeza zaidi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya duka, pamoja na flashi na kadi ya simu. Mteja hafiki tena kuchukua kitu, anafika nacho. Anatoa flashi yake mfukoni na kusema, "Kaka, niwekee za Kikorea," au "Niwekee sizoni ile mpya yote." Muuzaji anachomeka, anahamisha, anapokea fedha kwa hesabu ya filamu au kwa ukubwa wa kadi. Kitenzi kilichotawala ni "kuweka", na baadhi husema "kujaza" au "kurusha".

Tunaomba msomaji alitafakari neno hili "kuweka". Ni neno la upole, lisilo na hatia. Tunaweka akiba, tunaweka chumvi, tunaweka mzigo chini. Halitaji kwamba kitu kilichowekwa pale kimebaki pia kule kilikotoka. Kwa lugha ya sheria tendo hilo ni kunakili, na muuzaji ambaye angejitetea kwa dhati kwamba yeye hanakili kazi ya mtu, hutamka bila wasiwasi kwamba anaweka filamu tangu asubuhi hadi jioni. Hatusemi kwamba neno ndilo lililozaa tendo. Tunasema kwamba neno limelifunika, na kwamba mtumishi anayeandika onyo kwa Kiswahili akitumia "kunakili" peke yake, anawaandikia watu ambao hawajitambui katika onyo hilo. Onyo likisema "kuwekea wateja filamu katika flashi au kadi bila idhini ya mwenye kazi", kila mtu katika mtaa wa soko ataelewa nani anaambiwa.

Kasoro ya namna hiyo hiyo imo katika neno ambalo wanaistilahi wamelisifu sana, yaani "kupakua". Limetokana na kazi ya mpishi, nalo limekubalika vizuri kwa sababu picha yake ni wazi: kitu kiko chunguni, unakichota, kinafika sahanini. Lakini ugali ukipakuliwa chungu hupungua, na mwenye chungu huona. Filamu ikipakuliwa chungu hubaki kimejaa. Istilahi hii inaeleza njia ya kitu na kuficha kuongezeka kwake, na kuongezeka huko ndiko kiini cha ugomvi wote wa hakimiliki. Hatupendekezi ifutwe, kwani neno lililokwisha kukubaliwa na watu halifutwi kwa kikao. Tunapendekeza tu kwamba katika maandishi ya sheria lisisimame peke yake mahali panapotakiwa "kunakili".

Ukweli ni kwamba nchi nyingine nazo zimenaswa na majina ya vyombo vilivyokufa. Ujerumani ilianza kutoza vifaa vya kurekodia kwa ajili ya watunzi tangu sheria yake ya mwaka 1965, na hadi leo mataifa mengi huita tozo ya namna hiyo "tozo ya kanda tupu" ingawa hakuna kanda. Tanzania nayo katika miaka ya 2020 imeanzisha tozo ya hakimiliki kwa vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi, nayo heri imeitwa kwa jina lisilotaja chombo.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam na baadaye mikoani, na kila seti ikahitaji kifaa cha kufasiri mawimbi. Watu walikiita "king'amuzi". Maandishi ya kiofisi yamependelea "kisimbuzi". La kwanza linatokana na kung'amua, tendo la akili, nasi tunaona ni la kupendeza kwamba mashine imepewa sifa hiyo. La pili ni sahihi zaidi kwa mtaalamu. Pamoja na hayo ukaja Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umepeleka intaneti yenye kasi mikoani. Jina hilo lilisomwa kwa mshangao kidogo katika vijiji vya ziwani kama Kasanga na Kirando, ambako Mkongo ni mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika kuja kuuza au kununua.

Kwa njia hiyo, filamu sasa hufika kwenye simu bila kupita mezani kwa mtu. Kampuni ya Netflix, iliyoanzia Marekani mwaka 1997 kwa kukodisha sahani za DVD kwa posta, ilifungua huduma yake ya mtandaoni katika nchi zipatazo 130 mwezi Januari 2016, Tanzania ikiwamo, na mwezi Septemba 2023 ikaacha kabisa kutuma sahani. Kiwanda cha mwisho cha deki za VHS, cha kampuni ya Funai ya Japani, kilikuwa kimekoma mwaka 2016. Kwa tendo la kutazama filamu inayokuja huku ikipita, bila kuihifadhi, tumepata "kutiririsha", na hili ni neno zuri: mto hupita, hauchotwi wote.

Lakini tukichunguza, tutaona kwamba kukodi hakukufa. Kulihamia mahali pengine. Mwananchi wa Sumbawanga mwenye simu hununua "bando", ambalo maofisini huitwa "kifurushi", kwa saa 24 au kwa juma. Ndani ya muda huo anatazama. Muda ukiisha, kimekwisha, hata kama hakutazama chochote. Hapo masharti ya kukodi yamerudi karibu yote: malipo, matumizi na muda uliopangwa. Kilichokosekana ni kurudisha, kwa kuwa mwenye mali hujichukulia mwenyewe. Tofauti nyingine, nayo ni kubwa kwa mwenye filamu, ni kwamba kinachokodiwa ni njia ya kupitia, na fedha huenda kwa mwenye njia.

Kwa wafasiri, basi, tungeshauri yafuatayo. "Kukodi" na "kukodisha" vitumike pale tu ambapo kuna muda maalumu na malipo, iwe kitu kinashikika au hakishikiki. "Kuazima" kusitumiwe kabisa katika sheria ya biashara, kwa sababu mbali na kukosa malipo, kitenzi hicho hicho humfaa anayetoa na anayepokea. "Kunakili" kubaki kuwa neno kuu, likifafanuliwa kwa "kuweka" katika matangazo ya umma. Malipo ya kukodi yaitwe "malipo ya ukodishaji", ili "kodi" ibaki kwa serikali. Nao watunga kamusi, watakapofika kwenye "mkanda", wasiandike maana ya filamu kuwa ni ya zamani. Utepe ndio uliopitwa na wakati, lakini katika vijiwe vya Sumbawanga mtu bado huambiwa atoe mkanda mzima, naye huutoa.